Ngazija, Anzuani au Mwali: kisiwa kipi cha Komoro kinamfaa anayetaka kuisoma ardhi?

Mtu anayepanga safari ya Komoro kwa ajili ya kuitazama ardhi yenyewe, yaani milima, maji, miamba na fukwe zake, hukutana na swali moja kabla ya mengine yote: aanze na kisiwa kipi? Umoja wa Komoro una visiwa vitatu, Ngazija, Anzuani na Mwali, ambavyo ramani za Kifaransa huviandika Grande Comore, Anjouan na Mohéli, na mwenye siku chache hulazimika kuchagua kimoja na kuviacha viwili. Ushauri anaoupata kwa kawaida hufuata ukubwa na umaarufu: nenda Ngazija, kwa kuwa ndiko uliko mji mkuu wa Moroni na ndiko kunakotua ndege nyingi zitokazo nje. Ushauri huo unamtosha mfanyabiashara. Kwa mwanafunzi wa jiografia, mpanda milima au mpenda bahari haufiki mbali, kwa sababu ukubwa hauelezi kwa nini kisiwa kimoja kina mito na kingine hakina hata mmoja, wala kwa nini huku mlima ni mpana na mlaini na kule umechongwa ukabaki migongo mikali. Kinachoeleza hayo ni umri wa visiwa, na ulinganisho huu umejengwa juu ya umri.

Umri kwanza, ukubwa baadaye

Visiwa vyote vya Komoro ni vichwa vya milima ya volkano iliyojengeka kutoka sakafu ya bahari, kwenye lango la kaskazini la Mlangobahari wa Msumbiji, kati ya pwani ya Afrika na Madagaska. Kwa eneo, Ngazija ina zaidi ya kilomita za mraba 1,000, kiasi cha kuvizidi visiwa viwili vingine vikiunganishwa. Anzuani ina 424. Na Mwali, iliyo ndogo kuliko zote, haifiki 300. Kwa umri, mpangilio ni mwingine. Miamba ya Ngazija inayoonekana juu ya maji ina umri wa chini ya miaka milioni moja, na sehemu ya miamba hiyo imemwagika na kuganda mbele ya macho ya watu walio hai leo, ilhali Anzuani na Mwali zina umri wa miaka milioni kadhaa, na Mwali ndiyo hutajwa kuwa kongwe zaidi kati ya hizo tatu.

Upande wa kusini-mashariki kuna Maore, au Mayotte, kisiwa cha nne cha funguvisiwa hilo na kizee cha familia nzima. Komoro hukidai kuwa chake, lakini kimebaki chini ya utawala wa Ufaransa tangu visiwa vingine vitatu vilipopata uhuru tarehe 6 Julai 1975, na mwaka 2011 kikawa rasmi mkoa wa Ufaransa. Sitakiweka kwenye mizani, kwa kuwa anayekwenda huko anaingia chini ya sheria nyingine za viza na safari yake ni nyingine kabisa. Nakitaja kwa sababu ndicho kinachokamilisha hadithi ya umri. Mwaka 1842 Charles Darwin alieleza kwamba kisiwa cha volkano, kikishazimika, huanza kuzama na kuliwa na mvua huku matumbawe yakiendelea kukua pembeni yake, mpaka kinabaki kilima kidogo ndani ya bahari tulivu iliyozungushiwa ukuta wa matumbawe. Maore imefika karibu na hatua hiyo. Ukisafiri kutoka Ngazija hadi Maore unapita hatua za maisha ya kisiwa kimoja zikiwa zimetandazwa juu ya bahari, kuanzia mlima unaowaka hadi mlima unaozama. Hata hivyo maumbile hayapendi mpangilio safi mno: mwaka 2019 watafiti waligundua volkano mpya chini ya bahari, takriban kilomita 50 mashariki mwa Maore, ambayo ilikuwa imejijengea kilima cha zaidi ya mita 800 katika muda usiozidi mwaka mmoja hivi. Ilipewa jina la Fani Maoré. Kizee kumbe bado ana moto karibu naye.

Jambo moja zaidi la jumla linastahili kutajwa, kwa sababu litamgusa kila mgeni apendaye viumbe. Bahari inayovitenganisha visiwa hivi ina kina kikubwa mno, kiasi kwamba hata katika enzi za barafu, maji ya bahari yaliposhuka kwa zaidi ya mita 100, visiwa havikuungana. Kila kimoja kimeishi peke yake tangu kilipotoka majini. Ushahidi mzuri kuliko wote ni bundi: Ngazija ina bundi wake mdogo asiyepatikana popote pengine duniani, Anzuani ina wake, Mwali ina wake, na Maore pia ina wake. Hao ni bundi wa aina nne tofauti, katika visiwa ambavyo siku ya anga safi mtu akiwa kwenye kimoja hukiona cha jirani kwa macho.

Maji ndiyo kipimo cha kwanza

Kama ningeruhusiwa kuuliza swali moja tu ili kuvitofautisha visiwa hivi vitatu, ningeuliza: mvua ikishanyesha, maji yake yanakwenda wapi?

Kwa wingi wa mvua peke yake, Ngazija ingepaswa kuwa kisiwa cha mito. Miteremko ya magharibi ya mlima Karthala hupokea zaidi ya milimita 5,000 kwa mwaka, na Moroni yenyewe, iliyo kando ya bahari chini ya mlima huo, hupata zaidi ya milimita 2,500. Lakini msafiri anaweza kukizunguka kisiwa kizima kwa gari bila kuvuka mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Sababu ni ujana wa mwamba. Lava iliyoganda karibuni imejaa nyufa, vishimo vilivyoachwa na mapovu ya gesi, na mapango marefu yaliyobaki pale lava ya ndani ilipoendelea kutiririka baada ya gamba la juu kukauka, kwa hiyo maji ya mvua huzama kabla hayajapata nafasi ya kujichongea njia juu ya ardhi. Yakishazama hushuka hadi karibu na usawa wa bahari, na huko, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, hutanda juu ya maji ya bahari yaliyopenya ndani ya mwamba, kisha huvuja taratibu kuelekea ufukoni. Maji ya visima vilivyochimbwa karibu na pwani hupanda na kushuka kwa kufuata bahari inavyojaa na kupwa, na mara nyingi huwa na ladha ya chumvichumvi.

Ndiyo maana katika vijiji vya mlimani nyumba hujengewa birika la kukinga maji ya paani. Mgeni anayeyaona mabirika hayo kwa mara ya kwanza hudhani amefika nchi ya ukame, hali amefika katika mojawapo ya sehemu zinazonyeshewa sana katika ukanda huu wa Bahari ya Hindi. Kinachokosekana ni mwamba unaoweza kuyashika maji hayo. Udhaifu wa mpango huo ulionekana mwaka 2005, Karthala ilipolipuka mara mbili, mwezi Aprili na mwezi Novemba, na majivu yakamwagika juu ya mapaa na kuingia katika mabirika. Zaidi ya watu laki moja walijikuta na maji yasiyofaa kunywa bila hata tone la lava kuwafikia. Kwa mwalimu anayetafuta somo moja linalounganisha miamba, hali ya hewa na maisha ya watu, sijui mahali pengine katika Bahari ya Hindi ya magharibi panapolifundisha wazi kiasi hiki.

Vuka bahari hadi Anzuani, na kila kitu kinageuka. Hapa miamba imekaa juani na mvuani kwa muda mrefu, imeoza ikawa udongo mwekundu wenye mfinyanzi, na vitundu vyake vimezibika. Maji hayazami upesi. Hukimbia juu ya ardhi, hukusanyika, na kuchonga. Mabonde ya Anzuani ni ya kina, kuta zake ni za wima, na mito hushuka kutoka kwenye vilele hadi baharini kwa safari fupi yenye maporomoko. Aliyeizoea Ngazija huanza kusikia kitu ambacho hakukisikia kule: sauti ya maji yanayotembea.

Sauti hiyo, kwa bahati mbaya, inapungua. Kwa sensa ya mwaka 2017 Anzuani ilikuwa na watu wapatao 327,000, na ukiwagawa kwa kilomita za mraba 424 unapata zaidi ya watu 770 kwa kila kilomita moja ya mraba, tena katika kisiwa ambacho sehemu kubwa yake ni mteremko. Mashamba yamepanda hadi kwenye migongo ya milima, na msitu umekatwa kwa ajili ya mashamba hayo, kwa kuni za jikoni na kwa kuni za kuchemshia maua ya mlangilangi yanayotolewa mafuta ya manukato. Mteremko ukivuliwa msitu, mvua huondoka na udongo, na mito mingi iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima sasa hukauka msimu wa kiangazi. Wakomoro wana neno lao kwa mahali ambapo udongo umekwisha na kubaki ardhi nyekundu iliyochanwachanwa na makorongo isiyoota kitu: padza. Mwanafunzi wa mmomonyoko wa udongo hahitaji picha za vitabuni. Anahitaji siku mbili katika rasi ya Nioumakélé, kusini mwa kisiwa.

Mwali ina umri kama wa Anzuani au zaidi, kwa hiyo mwamba wake nao umezeeka na kuyashika maji, lakini ina watu wachache, wapatao 51,000 kwa sensa hiyohiyo, na mgongo wake wa kati bado una msitu. Matokeo yake ni vijito vingi vinavyofika baharini mwaka mzima. Kwa kipimo cha maji, Mwali inaonyesha jinsi Anzuani ingeweza kuwa kama msitu wake ungebaki. Kusema hivyo si kudai kwamba Mwali imesalimika, maana mashoka yapo huko pia.

Milima mitatu isiyofanana

Karthala ina urefu wa mita 2,361 na ni volkano hai yenye umbo la ngao, yaani mlima mpana wenye mteremko wa taratibu uliojengwa na lava nyepesi inayotiririka mbali kabla ya kuganda. Umelipuka zaidi ya mara ishirini tangu karne ya 19. Mwaka 1903 gesi yake iliwaua watu 17. Mwaka 1977 ardhi ilipasuka kwenye ubavu wa kusini-magharibi, mbali kabisa na kilele, na lava ikakifunika sehemu kubwa kijiji cha Singani kabla ya kuendelea hadi baharini. Mkondo huo mweusi unaonekana hadi leo, na mgeni anaweza kusimama juu yake akiwa kandokando ya barabara. Tukio hilo lina funzo la jiografia ambalo wengi hulisahau: volkano ya aina hii haimwagi moto kwa mdomo wa juu tu, na aliye chini kabisa ya mlima hayuko salama kuliko aliye juu. Milipuko iliyofuata, ya 1991, 2005, 2006 na Januari 2007, ilitokea kileleni.

Kileleni pana kaldera, yaani shimo kubwa lililobaki kilele kilipoporomoka, yenye upana wa kilomita 3 kwa 4 hivi, na ndani yake kuna kasoko ambayo sura yake hubadilika kila baada ya mlipuko, mara ikiwa na ziwa la maji, mara ikiwa na ziwa la lava, mara ikiwa kavu. Kupanda hadi hapo hakuhitaji kamba wala ufundi wa kukwea majabali, bali miguu, maji ya kutosha uliyoyabeba mwenyewe (kwa sababu zilizokwisha kuelezwa) na kiongozi wa njia anayeujua ukungu wa mlima huo. Wapo wanaopanda na kushuka kwa siku moja ndefu. Ningemshauri mtu alale huko usiku mmoja, kwa kuwa kaldera huonekana vizuri asubuhi, kabla mawingu hayajapanda kutoka baharini. Njiani unapita mashamba ya migomba, kisha msitu wenye unyevu, kisha vichaka vya miti mifupi yenye majani membamba, na hatimaye jangwa la majivu. Kaskazini mwa kisiwa kuna mlima wa pili, La Grille, wenye mita 1,087, uliojaa vilima vidogo vya kasoko, na karibu na pwani yake lipo Ziwa la Chumvi, shimo la duara lililopasuliwa na mlipuko pale moto wa chini ulipokutana na maji. Ni la kutazamwa kwa nusu saa, lakini ni nusu saa nzuri.

Ntringui, mlima mkuu wa Anzuani, una mita 1,595 tu. Asiyeijua Anzuani husoma tarakimu hizo na kudhani ni mlima rahisi kuliko Karthala, na hapo hukosea. Volkano iliyojenga kisiwa hiki imezimika zamani na mvua imeila mpaka imebaki mifupa: migongo mitatu inayokutana katikati na kunyoosha rasi tatu, Sima upande wa magharibi, Jimilimé kaskazini-mashariki na Nioumakélé kusini, ndiyo maana kisiwa kina umbo la pembetatu. Kati ya migongo hiyo kuna mabonde mapana yaliyofumbatwa na kuta za milima kama maji ndani ya karai, na lile la Bambao ndilo linalopendeza macho kuliko yote. Njia za miguu hupanda na kushuka bila kupumzika. Karibu na kilele lipo ziwa la kasoko la Dzialandzé, ambalo pamoja na msitu uliobaki wa Ntringui limeandikishwa tangu 2006 katika orodha ya ardhioevu za kimataifa ya Mkataba wa Ramsar. Katika misitu hii ya juu hulala popo mkubwa mweusi wa Livingstone, ambaye duniani kote anapatikana Anzuani na Mwali pekee.

Anzuani ina pia fumbo ambalo wanajiolojia bado wanalijadili. Kisiwa cha volkano kilichoota katikati ya bahari hakitarajiwi kuwa na mwamba wa mchanga wa kwarzi, kwa maana mchanga wa aina hiyo huletwa na mito ya mabara. Anzuani inao, na si kokoto mbili tatu zilizobebwa kama shehena ya kuzuia chombo kisipinduke, bali jabali zima. Mpenda miamba ambaye amekwisha kuona volkano hai za kutosha anayo sababu hii moja ya kuichagua Anzuani.

Milima ya Mwali haihitaji maelezo marefu. Ni mgongo mmoja unaokwenda kwa urefu wa kisiwa, wenye kilele cha takriban mita 790, na uzuri wake ni msitu ulioufunika kuliko umbo lake. Anayetafuta mandhari ya kutisha hatayapata hapa.

Pwani: hapa mpangilio unapinduka

Hadi sasa Mwali imekuwa nyuma. Ukifika pwani inapita mbele, na sababu ni ileile ya umri. Kisiwa kichanga hakijapata muda wa kujengewa ukingo mpana wa kina kifupi, kwa hiyo sehemu kubwa ya pwani ya Ngazija ni lava nyeusi inayotumbukia moja kwa moja katika bahari ya kina. Fukwe zipo, na baadhi yake zinavutia hasa kwa sababu ya weupe wa mchanga wa matumbawe uliokaa juu ya jabali jeusi, kama Chomoni upande wa mashariki na zile za Mitsamiouli upande wa kaskazini, lakini ni vipande vifupi. Bandari ya Moroni imeathiriwa na umbile hilohilo, kwani hakuna ghuba ya kuikinga, ilhali Mutsamudu, kwenye Anzuani, ndiyo yenye gati la kupokea meli kubwa.

Kina hicho cha ghafla kina zawadi yake. Katika mapango ya lava yaliyo chini ya maji, kwenye kina cha mita 150 hadi 250 hivi nje ya pwani ya Ngazija, huishi gombesa, samaki ambaye wanasayansi waliamini ametoweka pamoja na dinosauri hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wa pili kutambuliwa alipatikana Komoro mwaka 1952, katika kisiwa cha Anzuani, na ndipo ilipojulikana kwamba wavuvi wa visiwa hivi walikuwa wakimjua siku zote na wala hawakumthamini sana kwa chakula. Mgeni hatamwona akiwa hai, na asidanganyike na anayemwahidi hivyo.

Mwali imezungukwa na ukanda mpana zaidi wa maji ya kina kifupi, hasa upande wa kusini, na juu ya ukanda huo yamesimama visiwa vidogo vya Nioumachoua, vilele vilivyobaki vya ardhi iliyozama au kuliwa na bahari. Kuna matumbawe, majani ya bahari yanayolisha kasa na nguva, mikoko, na fukwe za mchanga mweupe ambako kasa wa kijani hupanda kutaga mwaka mzima, maarufu zaidi zikiwa za Itsamia upande wa mashariki. Karibu na Itsamia lipo pia ziwa la kasoko la Boundouni, eneo la kwanza la Komoro kuingizwa katika orodha ya Ramsar, mwaka 1995, ambako mtazamaji mvumilivu ataona vibisi, ndege wadogo wa majini, wakizama na kuibuka. Hifadhi ya bahari ya Mwali ilianzishwa mwaka 2001, na mwaka 2020 UNESCO ikakitambua kisiwa kuwa hifadhi ya mazingira hai. Kati ya Julai na Oktoba hivi nyangumi wenye nundu hupita na kuzalia humo.

Pwani ya Anzuani inaangukia katikati, na kwa uaminifu ni lazima isemwe kwamba ndiyo iliyoumia. Udongo unaoletwa na mito iliyovuliwa msitu hutua juu ya matumbawe na kuyafunika, na mchanga wa fukwe nyingi umechotwa kwa ujenzi mpaka yakabaki mawe. Ufuko wa Moya, kusini-magharibi, bado ni mzuri. Zaidi ya huo, mtu asiende Anzuani kwa ajili ya bahari.

Majira

Katika hili visiwa havitofautiani sana. Kaskazi, kati ya Novemba na Aprili, huleta joto, mvua nyingi na hatari ya vimbunga. Kenneth, kwa mfano, kilipita kaskazini tu ya Ngazija tarehe 24 Aprili 2019 na kuharibu mashamba mengi kabla ya kufika Msumbiji. Kusi, kati ya Mei na Oktoba, huwa na ubaridi na ukavu, na ndiyo wakati wa kupanda milima. Tahadhari yake ni bahari, kwani katikati ya kusi mawimbi kati ya visiwa huwa makali na vyombo vidogo si vya kuaminiwa. Anayetaka kuona mito ya Anzuani ikiwa na maji mengi, bila kukumbana na masika yenyewe, atafaidi mwezi wa Mei.

Nani aende wapi

Anayetaka kuona ardhi ikiumbwa, aende Ngazija, na asiridhike na Moroni na fukwe. Atenge angalau siku tatu, mbili za Karthala na moja ya kuteremka hadi Singani kuitazama lava ya 1977 na jinsi mimea ilivyoanza kuirudia. Kundi la wanafunzi pia ningelipeleka huko, kwa sababu somo la maji linaeleweka hata kwa asiyejua jiolojia, na kwa sababu barabara inayokizunguka kisiwa huwafikisha karibu na kila kitu bila kutembea sana.

Anzuani ningemshauri mtu ambaye si mara yake ya kwanza visiwani, mwenye magoti imara, anayevutiwa na mabonde, udongo na swali la jinsi watu wengi wanavyoishi juu ya mteremko. Ndicho kisiwa kigumu kuliko vyote, na kwa maoni yangu ndicho kinachodharauliwa isivyostahili. Wanaokipita haraka huona umaskini wa fukwe zake na kukosa ukuu wa bonde la Bambao. Mwenye haja ya kupumzika asijilazimishe.

Mwali inamfaa mpenda bahari na viumbe, pamoja na yule anayetaka kuona msitu, kijito na matumbawe vikiwa bado vimeshikana, maana kila kimoja hapo kinamlinda mwenzake: msitu huuzuia udongo, kijito hubaki safi, na matumbawe hupumua. Huduma za wageni ni chache na usafiri hubadilika bila taarifa, kwa hiyo mwenye ratiba iliyobana afikirie mara mbili.

Na kama siku zinaruhusu visiwa viwili, chagua Ngazija na Mwali, si kwa sababu Anzuani haifai, bali kwa sababu tofauti kati ya hivyo viwili ndiyo kubwa zaidi na njia kati yake ni fupi. Boti huondoka Chindini, kwenye ncha ya kusini ya Ngazija, na kuvuka hadi Hoani, kaskazini mwa Mwali. Bahari ikiwa shwari safari ni ya saa chache. Unaondoka mahali ambapo lava nyeusi inaingia baharini bila hata alama ya mto, na jioni hiyohiyo unaweza kuoga kwa maji matamu ya kijito.